Nimebadilisha waya za spika, sauti imebadilika kabisa. Ni waya au ni masikio yangu?

#1 Sikio_Kali
Wakuu salaam. Nina ampu ya stirio ya wati 60 kila upande na spika mbili za kusimama chini, miaka kama saba nilikuwa natumia zile waya nyembamba bapa, moja nyekundu moja nyeusi, zilizokuja na muziki wangu wa zamani. Juzi nimezitoa zote nikaweka waya nene ya 2.5 mm², na waya za RCA zinazotoka kwenye pleya ya CD kuja kwenye ampu nazo nikabadilisha siku hiyohiyo. Aisee. Besi ilikuwa inavuma tu, sasa inapiga na kukata. Mwimbaji ametoka mbele ya spika, nasikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Shemeji yangu ni fundi umeme, anasema waya ni waya, mradi umeme unapita basi hakuna cha zaidi, na kwamba nimejidanganya mwenyewe. Mi nasema nimesikia. Nani yalishamkuta haya, na kama ni kweli, hasa hasa ni kitu gani kinachobadilika?

#2 Besi_Nzito
Yalishanikuta mkuu, tena mara tatu. Usimsikilize shemeji, fundi umeme kazi yake taa iwake. Sasa subiri waje watu wa vipimo wakwambie masikio yako mabovu.

#3 kipimo
Watu wa vipimo tumeshafika, na sijasema masikio yake mabovu 😀
Sikio_Kali nipe vitu vitatu ndo tuongee: waya ina urefu gani kutoka ampu hadi spika, ile ya zamani unene wake ngapi, na spika ni za omu ngapi (yaani ukinzani wake, jinsi zinavyoupinga umeme)?

#4 Sikio_Kali
Urefu mita 6 kila upande maana ampu iko kona ya chumba. Ile ya zamani imeandikwa 0.5 mm². Spika zimeandikwa omu 8, ila kwenye kitabu chake wameandika chini kabisa inashuka hadi omu 4.

#5 kipimo
Safi. Sasa twende taratibu.

Shaba ya 0.5 mm² ina ukinzani wa kama omu 0.034 kwa mita. Umeme unaenda na kurudi kwahiyo mita 6 ni mita 12, unapata kama omu 0.41. Waya mpya ya 2.5 mm² kwa urefu huohuo ni omu 0.08 hivi. Hiyo waya inakaa kwenye mstari mmoja na spika, wanagawana nguvu ya ampu.

Na spika iliyoandikwa omu 8 haibaki kwenye 8. Inapanda na kushuka kutegemea na sauti inayopiga, kwenye besi fulani inaweza kufika 20, sehemu nyingine ndo hiyo 4 ya kwenye kitabu chako. Pale penye omu 4 waya yako ya zamani inakula kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 0.85, pale penye 20 inakula 0.18 tu. Maana yake ile waya ilikuwa inakunja mlio wa spika kwa karibu desibeli 0.7, sehemu moja inasukumwa chini kuliko nyingine. Waya mpya inakunja kwa desibeli 0.14 tu, sikio la mtu halipati kitu hapo.

Desibeli 0.7 ikichukua eneo pana la sauti inasikika. Kwahiyo shemeji amekosea kwenye hili, ila amekosea kwa sababu ya kawaida kabisa, unene na urefu. Wengi wanaenda na kipimo kwamba ukinzani wa waya wote usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Ya zamani ilikuwa juu kidogo ya hapo ukihesabu kwa 8, na mara mbili ya hapo ukihesabu kwa 4.

#6 Dada_Trebo
Kipimo umeeleza vizuri lakini umempa ushindi mapema mno. Huyu kabadilisha vitu viwili siku moja, waya za spika NA za RCA. Na kati ya kuzima ampu, kutoa waya za zamani, kumenya mpya, kubana skrubu na kuwasha tena, imepita dakika ngapi? Ishirini? Kumbukumbu ya mlio haishiki hivyo, baada ya sekunde chache unachokumbuka ni maneno uliyojiambia kuhusu ule mlio. Halafu alipowasha, kitufe cha sauti kilikuwa palepale? Kikisogea kidogo tu umeshaharibu ulinganisho, maana kitu kikiwa juu kwa nusu desibeli hukisikii kama kimeongezeka sauti, unakisikia kama kimekuwa kizuri, besi imejaa na mwimbaji yuko karibu. Watafiti Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sikio linasikia besi kidogo sana sauti ikiwa chini, ukipandisha zinajaa.

Sisemi hujasikia. Nasema hatujui umesikia nini.

#7 fundi_risasi
Mnaenda mbali. Mi nafungua ampu za watu kila siku, ngoja niwaambie ninachokiona.

Waya imekaa miaka saba bila kuguswa. Pale unapochomoa mwisho wake utakuta shaba imekuwa nyeusi, nyingine ina ukungu wa kijani kwenye nyuzi. Kati ya nyuzi ishirini na kitu unakuta sita zimekatika pale kwenye skrubu kwa sababu ilibanwa kwa nguvu mwanzoni. RCA ndo kabisa, ukichomoa unaona kipete cha nje kimefifia na kimelegea, ukiigusa inakwaruza kwenye spika krr krr. Sasa mtu anachomoa hiyo, anachomeka mpya, ule msuguano tu wa kuchomeka umeshasafisha tundu la ampu. Mlio unafunguka, anasema waya mpya ni mzuri. Angechomoa ya zamani akaimenya upya sentimita mbili, akairudisha, angepata nusu ya hayo mabadiliko, pengine yote.

Sikio_Kali hizo za zamani umetupa?

#8 Sikio_Kali
Sijatupa. Nikirudi nyumbani naziangalia. Na Dada_Trebo umenishika, kitufe cha sauti sikukiangalia.

#9 Mgeni2
Samahani nauliza, sasa bora si kununua tu zenye dhahabu maana dhahabu ndo inapitisha umeme kuliko vyote? Au za fedha?

#10 omu_nane
Hapana Mgeni2, hilo wengi wanalikosea. Kinachopitisha umeme kuliko vyote ni fedha, kisha shaba, dhahabu ni ya tatu na aluminiamu ya nne. Fedha inaizidi shaba kwa asilimia kama 6 tu, na hiyo asilimia 6 unaipata kwa kuongeza unene wa shaba kidogo. Dhahabu wanaipaka kwenye plagi kwa sababu haishiki kutu, basi. Tena inapakwa nyembamba mno. Ile shida aliyosema fundi_risasi ya plagi kuwa nyeusi ndo dhahabu inaiponya, haina jambo lingine.

#11 MzeeSanturi
Vijana nawasoma tangu asubuhi. Wote mnaongea waya za spika, na wanaosema waya haina sauti nataka waje kwenye pleya ya santuri nione wanasemaje.

Mwaka fulani nilihamisha pleya yangu, ikabidi waya ya RCA kutoka kwenye pleya iwe ya mita 3 badala ya mita 1. Nikaweka waya nzuri, nene, ina wavu mzito wa shaba kuzunguka. Santuri ya kwanza tu nikajua kuna jambo. Herufi S zote zinachoma, matoazi yanafanya tsss kama mafuta ya moto, halafu juu kabisa pale penye hewa ya ukumbi pamekufa, hakuna kitu. Nikabadilisha sindano, hola. Nikapima uzito wa mkono, uko sawa. Wiki tatu nahangaika! Kumbe ni kapasitansi ya waya, yaani uwezo wake wa kushika chaji ya umeme. Ile waya ilikuwa na pikofaradi 150 kwa mita, mara tatu ni 450, na katriji yangu (kile kichwa kinachoshika sindano) ni ya MM, yaani ya sumaku inayotembea, yenye induktansi (koili inavyopinga umeme unaobadilika) ya milihenri 500, mtengenezaji anataka pikofaradi 100 hadi 200. Induktansi ya katriji na kapasitansi ya waya vinaungana vinapiga mlima, yaani masafa fulani yanapanda kuliko mengine, wangu ukaangukia kilohezi 10.6, palepale penye S na matoazi, na juu ya hapo mlio unaporomoka. Nimerudisha waya fupi, S zikatulia.

Waya ileile ukiiweka kwenye CD huisikii. Kwenye santuri inakuua. Sasa nani atasema waya haina sauti?

#12 kipimo
MzeeSanturi shikamoo, huo ndo mfano bora kuliko wote kwenye uzi huu. Nirekebishe kitu kimoja tu, umehesabu waya peke yake. Mlango wa phono wa ampu (ule wa pleya ya santuri) nao una kapasitansi yake, wengi huweka kama pikofaradi 100. Ukijumlisha inakuwa 550, mlima unashuka kilohezi 9.6. Ulipokuwa na mita 1 ilikuwa 250 kwa jumla, kilohezi 14 na kidogo, ndo maana hukuusikia.

Na kwa nini CD haijali: pleya ya CD inasukuma kwa ukinzani mdogo, wengi kama omu 100. Omu 100 na pikofaradi 100 zinaanza kukata kwenye megahezi 16, mara mia nane juu ya mwisho wa sikio la mtu. Kwahiyo Sikio_Kali, RCA yako mpya kati ya CD na ampu, kama ya zamani haikuwa na kutu wala haijalegea, sioni njia ya umeme ambayo ingebadilisha besi yako.

#13 MzeeSanturi
Marahaba. Hiyo 100 ya ampu sikuijua, asante. Basi ndo maana hata kwa waya fupi bado kidogo inachoma.

#14 Besi_Nzito
Kipimo we unahesabu omu tu. Hujaongelea skin effect, umeme wa masafa ya juu unapita nje ya waya ndani unaacha wazi, ndo maana waya za nyuzi nyingi zilizotengwa zinatoa trebo nzuri. Hujaongelea dampingi, ampu yenye dampingi 200 inaishika spika isitikisike ovyo, waya mbovu inaiharibu, ndo maana besi ya Sikio_Kali imeacha kuvuma. Hujaongelea waya kuzoea, yangu ilichukua masaa kama mia ndo ikafunguka. Kuna mambo hayaingii kwenye karatasi.

#15 omu_nane
Twende moja moja Besi.

Skin effect ipo kweli, lakini kwenye shaba kwa kilohezi 20 umeme unaingia kama milimita 0.47 kutoka nje. Waya ya 2.5 mm² hata ingekuwa mshipa mmoja ina kipenyo cha milimita 1.8, kwahiyo katikati panapungua kidogo kwa masafa ambayo wengi wetu humu hatuyasikii tena. Kwa mita 6 ni sehemu ndogo sana ya desibeli.

Dampingi ni kweli waya inaigusa, ila koili ya spika ya omu 8 ina ukinzani wake yenyewe wa kama omu 6, nao uko ndani ya duara hilohilo. Jumla ilikuwa 6.4 imekuwa 6.1. Hiyo 200 ya kwenye karatasi ya ampu haijawahi kufika kwenye koni.

Kuzoea, hapo mi nashindwa. Spika mpya inalainika pale kwenye raba yake, hilo linapimika. Waya sijui kinacholainika ni nini. Anayezoea nadhani ni msikilizaji, na vile vimshale vya kuonyesha waya ielekee wapi navyo ni hivyohivyo, umeme wa muziki unaenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde hauna mbele wala nyuma.

#16 fundi_risasi
Hapo kwenye vimshale umeteleza omu_nane. Kuna RCA zina nyaya mbili ndani na wavu wa nje, na ule wavu umeunganishwa upande mmoja tu, upande wa chombo kinachotoa sauti. Nimeshazifungua nyingi. Zile mshale una maana, unakwambia wavu umefungwa wapi. Kwenye waya ya spika ndo mshale sioni kazi yake.

#17 omu_nane
Sawa fundi, nimekubali, kwa RCA za namna hiyo mshale una kazi.

#18 Kona_ya_Chumba
Niongeze kisa kifupi. Rafiki yangu alinipigia usiku ana furaha kweli, kaweka waya mpya besi imerudi, mwimbaji kakaa katikati. Nikaenda. Nikaangalia ile waya ya zamani ilivyokuwa imemenywa, nikamuuliza alikuwa ameifungaje. Spika ya kushoto ilikuwa nyekundu kwa nyeusi, nyeusi kwa nyekundu. Miaka miwili mizima koni moja inaenda mbele nyingine inarudi nyuma, besi zinauana hewani. Waya mpya ilikuwa na alama nzuri akafunga sawasawa. Alichosikia ni kweli kabisa na kilikuwa kikubwa, ila sio waya.

Sikio_Kali hebu kumbuka ulivyokuwa umefunga.

#19 Sikio_Kali
Dah. Zilikuwa na rangi, nadhani nilifunga sawa. Nadhani. Maana yule aliyenisaidia kufunga mwanzoni sikumsimamia.

#20 Kona_ya_Chumba
Hiyo "nadhani" ndo shida yenyewe. Na jingine, ulipofunga mpya spika ulizisogeza? Lazima ulizivuta ufike nyuma. Ukizirudisha sentimita 15 tofauti na ukuta besi inabadilika kuliko waya yoyote duniani. Chumba cha mita 4 kina besi yake ya kuvuma kwenye Hz 43, ukisogea kiti mbele kidogo inapungua. Na kwa trebo, wimbi la kilohezi 10 lina urefu wa sentimita 3 na nusu hivi, ukigeuza kichwa tu umeshabadilisha.

#21 Jirani_Kimya
Mi waya imenisaidia kwenye muungurumo. Nilikuwa na mmmmm ya chini muda wote, muziki ukinyamaza ndo unaisikia. RCA zilikuwa zimelala sambamba na waya za umeme nyuma ya kabati, nyembamba hazina wavu wa maana. Nimeweka zenye wavu mzito na nikazipitisha mbali na za umeme, zikikutana zikatane kama msalaba. Mmmmm imepungua sana.

#22 fundi_risasi
Jirani hiyo iliyobaki pengine ni duara la eathi, vyombo viwili vimeshika eathi sehemu mbili tofauti, umeme wa 50 au 60 Hz unatembea kwenye wavu wa RCA. Chomeka vyote kwenye soketi moja ya kugawanya uone. Nakuomba sana, na wengine wote mnaosoma: MSIKATE pini ya eathi kwenye plagi ya umeme eti kelele iishe. Itaisha, na siku ampu ikivuja umeme kwenye bodi yake wewe ndo utakuwa eathi. Nimeona ampu ya namna hiyo mezani kwangu, bodi nzima ina umeme, mwenyewe anaigusa kila siku. Kama vyombo vyako vina mlango wa XLR tumia huo, unabeba sauti kwa nyaya mbili zinazopingana, kelele iliyoingia njiani kwa zote mbili inafutana mwisho.

#23 Mgeni2
Na zile za dijitali? HDMI na ile ya mwanga. Nimeambiwa ukiweka nzuri sauti inakuwa ya joto zaidi.

#24 Dada_Trebo
Joto hapana. Pale zinapita namba. Namba zikifika zimefika, zisipofika utasikia tap tap au sauti inakatika kabisa, au picha inafanya chengachenga. Haiwezekani namba zikosewe kwa mpangilio mzuri hivyo mpaka besi tu ndo iwe laini. Ile ya mwanga, TOSLINK, Toshiba waliitoa mwaka 1983, ina faida moja ya kweli: haipitishi umeme, kwahiyo lile duara la eathi la Jirani_Kimya linakatika hapo.

#25 Besi_Nzito
Namba zikifika lakini zimefika kwa wakati? Dada unajua kabisa kuna jita, yaani namba kuyumba kwenye wakati wake. Kwenye waya ya koaksi ya S/PDIF (ya kupitisha sauti ya dijitali) saa inapita ndani ya waya hiyohiyo, waya isiyo ya omu 75 inarudisha mawimbi nyuma, saa inayumba.

#26 Dada_Trebo
Jita ipo, na waya ya omu 75 tumia, hilo sipingi. Ila vigeuzi vya siku hizi vingi vinaisafisha saa upya kabla ya kutoa sauti. Nionyeshe mtu aliyesikia bila kuona waya.

#27 Besi_Nzito
Tatizo lenu mkishataka mtu asikie bila kuona mnamkalisha kama mtahiniwa. Nani anasikiliza muziki hivyo? Mi nasikia kwa wiki mbili, nikirudisha ya zamani ndo nagundua kilichopotea. Kuchoka kwa masikio hakuji kwa sekunde kumi.

#28 kipimo
Hoja ya kuchoka siipuuzi. Ila jaribio la kutoona halina lazima ya sekunde kumi. David Clark alipoandika kuhusu kifaa cha ABX (unasikiliza A, B na X iliyofichwa, useme X ni ipi) mwaka 1982, jambo kubwa lilikuwa msikilizaji ndiye anayeamua abadilishe lini, ukitaka kukaa na X wiki mbili kaa, mradi usijue ni ipi. Mwaka 2007 kuna waya ghali za spika, James Randi, yule mwanamazingaombwe anayepima madai ya ajabu, akaahidi dola milioni 1 kwa atakayezitofautisha na za kawaida bila kuziona. Watu waliongea sana, jaribio lenyewe halikufanyika.

#29 Mgeni2
Waya za kushoto na kulia lazima ziwe urefu sawa? Nasikia isipokuwa sawa sauti ya upande mmoja inachelewa.

#30 omu_nane
Haichelewi kwa namna utakayosikia. Umeme kwenye waya unaenda kama kilomita laki mbili kwa sekunde. Waya moja ikizidi nyingine mita 3 inachelewa nanosekunde 15, muda huo sauti hewani haijatembea hata sehemu ya mia ya milimita. Sababu pekee ya kuziweka sawa ni kwamba kama waya ni nyembamba, upande mrefu utakuwa na ukinzani zaidi.

#31 MzeeSanturi
Na kuna ampu zinataka waya iwe ndefu. Naim, watengenezaji wa ampu, kwa ampu zao za asili wanasema isiwe chini ya mita 3 na nusu, kwa sababu hawakuweka koili mlango wa kutokea, wanategemea induktansi ya waya ya spika ndo itulize ampu. Waya ni sehemu ya saketi pale. Kwahiyo anayesema waya yoyote kwa ampu yoyote asiseme hivyo mbele ya mmiliki wa Naim.

#32 Sikio_Kali
Wakuu nimerudi, na nimefanya kazi.

Kwanza RCA nimerudisha za zamani baada ya kuzisafisha, nimeziacha hizo ili nibaki na waya za spika tu. Spika sijazisogeza, nimeweka alama za utepe sakafuni. Shemeji amekaa nyuma ya pazia pembeni ya ampu, anarusha sarafu, kichwa anafunga nene, mkia anafunga nyembamba. Kila raundi anachomoa na kuchomeka hata kama waya ni ileile, ili nisijue kwa kusikia kelele za kufunga. Wimbo mmoja, dakika moja ya mwanzo, kitufe cha sauti hakiguswi. Raundi 12.

Nimepata 9.

Mwanzoni nilikosa mbili mfululizo nikaanza kutoka jasho, shemeji anacheka nyuma ya pazia. Baadaye niliacha kusikiliza besi nikawa nasikiliza pale mwimbaji anapovuta pumzi, nikapata sita mfululizo.

#33 Besi_Nzito
9 kwa 12!!! Uzi ufungwe.

#34 Dada_Trebo
Usifungwe. Mtu anayebahatisha kwa sarafu anaweza kupata 9 au zaidi kati ya 12 kwa asilimia 7.3. Kipimo cha kawaida ni chini ya asilimia 5, ingebidi upate 10. Hongera kweli kwa kufanya jaribio, wachache sana humu wamewahi, lakini 9 iko palepale katikati. Na shemeji anajua amefunga ipi, akikohoa tofauti umeshajua.

#35 Sikio_Kali
Hajakohoa. Anacheka kila raundi kwa namna ileile 😅 Ila subirini, kuna la pili. Kipimo alisema omu, nikachukua maltimita. Kupima waya moja kwa moja ilikataa, namba zinacheza, nadhani waya za maltimita zenyewe zina omu zaidi ya ninachopima. Nikapiga tuni ya 60 Hz, nikapima volti kwenye ampu na volti nyuma ya spika. Waya nene: ampu 2.00, spika 1.98. Waya nyembamba: ampu 2.00, spika 1.85.

#36 kipimo
Umepima vizuri kuliko mafundi wengi, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini 1.85 ni ndogo mno. Kwa omu 0.41 niliyohesabu ungepata 1.89 au 1.90 hivi. Hiyo waya ina kama omu 0.6. Fundi_risasi nadhani unajua kwa nini.

#37 fundi_risasi
Najua. Sikio_Kali chukua wembe, kata mwisho wa ile waya ya zamani, uzi mmoja tu, kwarua taratibu halafu weka kwenye mwanga.

#38 Sikio_Kali
Nimekwarua. Nje ya rangi ya shaba, ndani nyeupe inang'aa kama sufuria. Nimekunja uzi mara tatu umekatika. Shaba ya waya mpya nimekunja mara nyingi haijakatika. Na kweli ile waya nzima ni nyepesi mkononi, sikuwahi kuwaza.

#39 fundi_risasi
Aluminiamu imepakwa shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba tupu, na kwenye skrubu inalegea kadiri miaka inavyoenda. Zimejaa kila mahali na kwenye lebo wanaandika unene tu.

#40 omu_nane
Kwahiyo hesabu ya #5 ilidhani shaba tupu, na uzi mzima tumekuwa tukibishana kama shaba ina tofauti na shaba wakati moja haikuwa shaba.

#41 Dada_Trebo
Na kati ya 1.98 na 1.85 ni karibu desibeli 0.6 ya sauti tu. Sikio_Kali kwenye zile raundi 12 ulikuwa unachagua iliyo juu. Rudia, safari hii waya nyembamba ikiwa imefungwa ongeza kitufe mpaka nyuma ya spika isome 1.98, ndo tujue kama kuna kingine zaidi ya kelele kuongezeka.

#42 kipimo
Hapo tunatofautiana dada. Kushuka kwa sauti ndo kazi ya waya yenyewe, ukisawazisha umeshaondoa sehemu ya unachokipima. Itabaki ile mikunjo tu, penye omu 4 na penye omu 20.

#43 Dada_Trebo
Yeye hakuuliza kama sauti imepanda. Aliuliza kwa nini besi inakata na mwimbaji ametoka mbele.

#44 Besi_Nzito
Na mi nauliza kwa nini alipata sita mfululizo alipoacha besi akasikiliza pumzi. Desibeli 0.6 ingemsaidia raundi zote, mbona mwanzo alikosa? Kuna kitu kwenye ile pumzi, na 60 Hz haikioni.

#45 Sikio_Kali
Hata mi najiuliza hapohapo. Jumamosi narudia, raundi 20, nimesawazisha volti kwa tuni, na shemeji atakuwa chumba cha pili, atafunga halafu anatoka kabla sijaingia. Kipimo niambie nisawazishe kwa tuni ya Hz ngapi, maana 60 ikiwa sawa, kule kwenye pumzi itakuwa sio sawa, au?

#46 MzeeSanturi
Pumzi iko juu huko, jaribu 1000 na 3000 uone volti zinasemaje. Na ukimaliza leta pleya ya santuri, tuanze upya.